Mgonjwa wa presha aulizwe pia namna anavyolala

Mhariri,

Kurasa za afya za gazeti lako zimekuwa zikitoa ushauri mzuri kwa watu wenye shinikizo la damu: wapunguze chumvi, waache sigara, wafanye mazoezi, wasiruke dozi. Sina ugomvi na hata neno moja katika hayo. Ninalolalamikia ni kwamba ushauri wote huo unamhusu mgonjwa akiwa macho, kana kwamba akishalala moyo wake nao huegeshwa mpaka asubuhi. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha katika zamu za usiku kwenye wodi za wagonjwa wa moyo. Naomba nafasi niseme kwamba kwa wagonjwa wengi sehemu ya madhara hutokea gizani, mwenyewe akiwa hana habari, na kwamba swali moja kuhusu usingizi, likiulizwa mapema na likielekezwa kwa mtu anayelala naye chumba kimoja, lingeweza kueleza kwa nini presha yake haishuki licha ya vidonge vyote anavyomeza.

Jambo lenyewe ni kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala, hali ambayo madaktari huiita apnea ya usingizi. Si ugonjwa wa watu wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la The Lancet Respiratory Medicine yaliwafikisha watu wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye hali hiyo duniani karibu milioni 936, na milioni 425 kati yao walikadiriwa kuwa nayo kwa kiwango cha kati au kikali. Wengi hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wanayo.

Chanzo chake kilicho cha kawaida zaidi kiko kooni. Bomba la hewa linaloteremka kwenda mapafuni limezungukwa na pete za gegedu zinazolizuia lisinywee, lakini koromeo lililo juu yake halina pete hizo. Kinacholiacha wazi ni misuli, hasa ule msuli mkubwa unaouvuta ulimi mbele. Tukiwa macho misuli hiyo iko kazini wakati wote. Tukilala hulegea, na kwa mtu mwenye koo pana kulegea huko hakuna madhara yoyote. Ila kwa mwenye mafuta mengi shingoni, au taya dogo lililorudi nyuma, au mafindofindo makubwa, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma na kuibana njia ya hewa. Hewa inayopenya kwa shida huzitikisa nyama hizo, na mtikisiko huo ndio tunaousikia kama kukoroma. Njia ikijifunga kabisa, kukoroma hukoma ghafla. Wengi hushukuru wakidhani mwenzao hatimaye ametulia, kumbe huo ukimya ndio wa kuogopwa kuliko kelele zilizoutangulia.

Ukisimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo utaona kifua na tumbo vikiendelea kuhangaika, tumbo likipanda huku kifua kikinywea, lakini ukiweka kiganja mbele ya pua na mdomo hutahisi hewa yoyote. Kiwambo, yaani msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo, kinavuta kwa nguvu zake zote dhidi ya mlango uliofungwa. Namba kwenye kipima oksijeni kilichobanwa kidoleni, ambayo kwa mtu mwenye afya hukaa 95 na zaidi, hubaki pale pale kwa muda, kisha huanza kuteremka: 91, 88, 83. Kwa kuwa damu huchukua muda kutoka mapafuni mpaka ncha ya kidole, mara nyingi namba ya chini kabisa huonekana baada ya mgonjwa kuanza kuhema tena, na muuguzi mgeni hudhani kifaa kimelegea, akakiweka sawa na kuondoka zake. Kinachomrudishia mgonjwa pumzi ni ubongo kumwamsha kwa sekunde chache tu, kiasi cha kuikaza misuli ya koo. Huvuta hewa kwa kishindo kama aliyepaliwa, hurusha mkono au mguu, hugeuka, hurudi usingizini, na baada ya dakika moja au mbili mambo huanza upya. Asubuhi ukimwuliza alivyolala atakujibu kwamba alilala fofofo.

Katika vipimo, pumzi huhesabiwa kuwa imekatika hewa inapokosa kupita kwa sekunde 10 au zaidi, na huhesabiwa pamoja na nyakati ambazo hewa hupita lakini kwa kiasi kilichopungua sana. Mikato kuanzia 5 kwa saa huitwa hali nyepesi, kuanzia 15 ya kati, na 30 au zaidi kali. Mwenye mikato 30 kwa saa, kwa hiyo, hunyongwa kila baada ya dakika mbili kwa wastani, usiku kucha, mwaka baada ya mwaka.

Sasa tuutazame moyo, ambao katika haya yote umo ndani ya kifua kile kile kinachohangaika. Mtu anapojaribu kuvuta hewa huku koo limefungwa, mgandamizo ndani ya kifua hushuka sana kuliko ule wa sehemu nyingine za mwili. Mwenye afya anaweza kulionja jambo hili kwa kubana pua, kufumba mdomo na kujaribu kuvuta pumzi kwa sekunde mbili tatu. Atahisi mbavu zikivutwa ndani. Moyo nao huvutwa hivyo hivyo. Chemba yake ya chini ya kushoto, inayotakiwa kuisukuma damu itoke kifuani iende mwilini, hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi kwa sababu inaisukuma kutoka mahali penye mvuto. Wakati huo huo damu nyingi kuliko kawaida huvutwa kuingia upande wa kulia, upande huo hutanuka na kuusukuma ukuta wa katikati, na upande wa kushoto hukosa nafasi ya kujaa vizuri. Chemba za juu, ambazo kuta zake ni nyembamba, hutanuliwa tena na tena, na kutanuliwa huko ni miongoni mwa sababu zinazofanya watu hawa wapatwe mara nyingi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, yale ambayo huacha damu igande ndani ya moyo na kipande chake kisafiri mpaka kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Kutanuka kwa chemba hizo kuna matokeo mengine ambayo ni nadra kuunganishwa na usingizi. Moyo uliotanuka huamini kwamba mwili umejaa maji, basi hutoa homoni inayoziamuru figo zitoe chumvi na maji. Mgonjwa huamka mara kadhaa usiku kwenda kukojoa, na kwa kuwa anakumbuka kuamka kwenda chooni lakini hakumbuki kukatika pumzi, hulalamikia kibofu. Wanaume hupelekwa moja kwa moja kupimwa tezi dume, wanawake hupimwa sukari, na ingawa vipimo hivyo ni vya lazima na sivipingi, majibu yakirudi safi ni nadra mtu kuulizwa anavyohema usingizini.

Mvuto wa kifua ni upande mmoja tu wa taabu. Upande wa pili ni hewa yenyewe. Oksijeni inapopungua katika damu na kabonidayoksaidi inapoongezeka, mapigo ya moyo kwanza hupungua, kwa njia ile ile yanavyopungua kwa mtu aliyezamisha uso majini, na kwa wagonjwa wengine moyo husita kwa sekunde kadhaa bila pigo. Vipimio vidogo vilivyo kwenye ateri za shingo hupiga yowe kwa ubongo, mishipa ya fahamu inayoitayarisha miili yetu kupigana au kukimbia hufyatuka, na mishipa ya damu hujikaza mwili mzima. Kisha koo hufunguka, mapigo hupanda mbio, na moyo uliojaa huanza kusukuma damu kwenye mishipa iliyokazwa. Shinikizo hufikia kilele chake hapo hapo, pumzi inaporejea, na kwa hiyo moyo hutakiwa kufanya kazi kubwa kuliko zote katika nukta ile ile ambayo damu inayoulisha ina oksijeni kidogo kuliko wakati wowote mwingine wa usiku.

Kama madhara yangekoma alfajiri, pengine nisingekuandikia. Hayakomi. Vile vipimio vya shingoni, vikishazoeshwa kupiga yowe usiku baada ya usiku, huendelea kuwa wepesi wa kushtuka hata mchana mtu akiwa ameketi na oksijeni yake imekaa vizuri, na mishipa yake hubaki imekazwa. Utando laini unaoifunika mishipa kwa ndani, ambao kazi yake mojawapo ni kuilegeza, hudhoofika kwa kupungukiwa oksijeni na kurejeshewa mara mia kadhaa kwa usiku mmoja. Kwa mtu mwenye afya shinikizo la damu hushuka kati ya asilimia 10 na 20 anapolala; kwa hawa mara nyingi halishuki, na wako ambao hulipandisha. Mtu kama huyo anaweza kupimwa kliniki saa nne asubuhi, akaonekana ana presha ya wastani, akasifiwa, kumbe usiku wote mishipa yake haikupata nafuu hata ya saa moja. Kipimo cha kuvaa kwa saa 24 ndicho kinachofichua hilo, na ni kipimo ambacho natamani kingeagizwa mara nyingi zaidi kuliko inavyofanyika.

Mapafu nayo hayasalimiki. Mishipa ya damu ya mapafuni ina tabia ya kujikaza panapokosekana oksijeni, na ikijikaza kila usiku kwa miaka, upande wa kulia wa moyo huchoka. Kwa mwenye apnea peke yake mzigo huo kwa kawaida si mkubwa. Lakini akiwa na ugonjwa mwingine wa mapafu, kama ule unaowapata wavutaji sigara wa muda mrefu, au akiwa na unene uliozidi kiasi cha kushindwa kupumua vya kutosha hata akiwa macho, mambo hugeuka kuwa mazito: kabonidayoksaidi hubaki mwilini, mgonjwa huamka na maumivu ya kichwa, miguu huvimba, na husinzia akiwa katikati ya mazungumzo.

Kuna uchunguzi mmoja ambao sijausahau tangu niliposikia habari zake. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 2005, waliwachunguza watu waliokufa ghafla kwa moyo na ambao hapo awali walikuwa wamepimwa usingizi. Kwa kawaida vifo vya namna hiyo hutokea zaidi asubuhi, baada ya watu kuamka, na hupungua sana usiku wa manane. Kwa waliokuwa na apnea ilikuwa kinyume: asilimia 46 walikufa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri, ilhali kwa wasiokuwa nayo ni asilimia 21. Saa ambazo moyo ulipaswa kupumzika ndizo zilizokuwa za hatari kwao. Tumezoea kusema marehemu alilala salama akaamkia umauti, na familia hufarijika kwamba hakuteseka. Sitaki kumnyang'anya yeyote faraja hiyo, lakini kwa baadhi yao nashuku usiku ule haukuwa wa utulivu hata kidogo.

Isidhaniwe kwamba ubaya huanzia kooni tu na kuishia moyoni. Moyo uliodhoofika nao huweza kuivuruga pumzi. Madaktari wawili waliofanya kazi Dublin, John Cheyne mwaka 1818 na William Stokes mwaka 1854, walieleza namna wagonjwa wao walivyohema kwa pumzi zinazozidi kuwa ndefu, kisha zinazozidi kuwa fupi, kisha kimya, kisha zinaanza tena. Hapa koo liko wazi. Ni ubongo ndio ulioacha kutoa amri. Sehemu ya sababu ni kwamba moyo unaosukuma damu polepole huuchelewesha ubongo kupata habari za hewa iliyo mapafuni, hivyo ubongo huamrisha pumzi nyingi wakati ambapo hazihitajiki tena, na huzisimamisha wakati ambapo zimeshaanza kuhitajika. Zaidi ya hayo, maji yaliyovimbisha miguu ya mgonjwa mchana hurudi juu anapojilaza, na mengine hufika shingoni, yakazidi kulibana koo. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa moyo huwa na aina zote mbili za apnea kwa pamoja, na ndiyo maana dawa za kupunguza maji mwilini zinaweza kumsaidia mtu kulala vizuri kuliko vile yeye mwenyewe anavyotarajia.

Tofauti hii ya aina mbili si ya vitabuni tu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliojulikana kama SERVE-HF, ambapo wagonjwa wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, na ambao apnea yao kwa sehemu kubwa ilitokana na ubongo, walipewa mashine ya kisasa inayoifuatilia kila pumzi na kuirekebisha. Pumzi zao zilinyooka kama ilivyotarajiwa, lakini vifo vilivyotokana na moyo viliongezeka. Kwa sababu hiyo naingiwa na hofu kila ninaposikia mtu ameazima mashine ya ndugu yake aliyefariki, au amenunua iliyotumika, akaanza kuivaa bila kupimwa.

Kwa nini basi hali hii hupita bila kuonekana? Jibu la kwanza liko wazi: anayeugua amelala wakati inapotokea. Jibu la pili ni kwamba kukoroma tumekufanya kichekesho. Baba akikoroma mbele ya televisheni watoto hucheka na kumwigiza, na mkewe husema ana usingizi wa pono. Si kila anayekoroma ana apnea, na sitaki kumtia hofu kila mwenye kelele. Lakini anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza, kisha akashtuka kwa kukwama, na mchana akasinzia kwenye mikutano au, Mungu apishe mbali, nyuma ya usukani, huyo hachekeshi. Kusinzia huko huitwa uvivu kazini na uzee nyumbani.

Wanawake hupitwa zaidi. Picha iliyo vichwani mwetu, na nasema vichwani mwetu sisi watumishi wa afya, ni ya mwanamume mnene wa makamo mwenye shingo fupi, na kweli wanaume wengi wenye hali hii wanafanana na picha hiyo. Mwanamke mwenye apnea anaweza asikorome sana. Huja akilalamikia uchovu usiokwisha, kukosa usingizi, maumivu ya kichwa ya asubuhi au kusononeka, na mara nyingi huondoka na dawa ya kutuliza mawazo au, vibaya zaidi, kidonge cha usingizi ambacho kinaweza kulilegeza koo lake hata zaidi. Baada ya hedhi kukoma hatari yake hupanda na kukaribia ile ya wanaume. Wembamba nao si kinga, kwani umbo la taya na koo hurithiwa. Na kwa watoto kisababishi kikuu ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, ambapo mtoto, badala ya kusinzia mchana, huwa mtundu asiyetulia, hukojoa kitandani na kushindwa kufuatilia masomo. Huyo upasuaji wa kuziondoa nyama hizo mara nyingi humponya, ingawa habari za watoto zinastahili barua yake peke yake.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Mtu hulala na vifaa vinavyorekodi mtiririko wa hewa puani, mwendo wa kifua na tumbo, oksijeni na mapigo, ama katika maabara ya usingizi au, kwa watu wengi wasio na maradhi mengine mazito, nyumbani kwake mwenyewe. Saa za mkononi zinazodai kupima usingizi zinaweza kumpa mtu sababu ya kwenda kwa daktari, lakini hazitoshi kumwambia kwamba yuko salama.

Kuhusu tiba nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu nimeona ikinadiwa kupita ukweli wake. Mashine ya CPAP, iliyobuniwa na Colin Sullivan wa Australia na kuelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, husukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili mgandamizo wa hewa hiyo ulizuie koo lisijifunge. Kabla yake, mgonjwa mahututi alikuwa akitobolewa shingo ili apate pa kupitishia pumzi. Mashine hiyo hukomesha mikato usiku ule ule inapovaliwa, huondoa usingizi wa mchana, na kwa mke au mume aliyekuwa anahamia chumba kingine huwa ni neema. Presha huishusha, lakini kwa wastani ni milimita mbili au tatu tu za zebaki, ingawa baadhi ya wenye presha sugu hupata nafuu kubwa zaidi. Ama kuhusu kuzuia mshtuko wa moyo na kiharusi, utafiti mkubwa ulioitwa SAVE, uliowahusisha watu 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, na ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2016, haukuonyesha kwamba mashine ilipunguza matukio hayo. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku, na watu waliokuwa wakisinzia kupita kiasi hawakuingizwa. Mimi naamini mashine inayovuliwa kabla ya usiku wa manane haiwezi kuulinda moyo mpaka alfajiri. Lakini hayo ni maoni yangu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwamba faida ya uhakika aliyoahidiwa ni ya usingizi, pumzi na uchangamfu wake, na kwa presha kidogo.

Barakoa nayo ina taabu zake ambazo hazitajwi dukani. Inavuja, inachubua juu ya pua, inakausha koo, na wako wanaohisi wanazibwa pumzi na kifaa kilicholetwa kuwapa pumzi. Mengi ya hayo hutatulika kwa kubadilisha ukubwa wa barakoa, kuongeza kitia unyevu au kuizoea mchana mtu akiwa macho, ila ni lazima kuwe na mtu wa kumfuatilia mgonjwa katika wiki za mwanzo. Anayekabidhiwa mashine na kuambiwa arudi baada ya mwaka mara nyingi huishia kuiweka chini ya kitanda.

Asiyeiweza ana njia nyingine. Kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele huwafaa wengi wenye hali nyepesi au ya kati. Wanaokatika pumzi zaidi wakiwa chali hunufaika kwa kulala ubavu. Kuacha pombe, hasa ile ya jioni, husaidia karibu kila mtu. Kupunguza uzito kuna nguvu ambayo watu huidharau: utafiti wa muda mrefu wa Wisconsin, Marekani, ulioripotiwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 kuliendana na kupungua kwa mikato kwa takriban asilimia 26, na kuongezeka kwa asilimia 10 kuliendana na ongezeko la takriban asilimia 32. Mnamo Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa watu wanene wenye apnea ya kati au kali, ikiwa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa ajili ya hali hii.

Mwenye apnea asiache kumwambia daktari anayetoa nusu kaputi kabla ya upasuaji wowote wa namna hiyo, hata kama ni wa jino au wa ngiri, na kama anayo mashine aende nayo hospitali. Dawa za nusu kaputi na zile kali za maumivu hulilegeza koo na kuufanya ubongo uchelewe kushtuka, na niliwahi kuuona usiku wa kwanza baada ya upasuaji ukiwa mrefu sana kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyemwuliza.

Najua watakuwepo watakaosema kwamba nataka kila mtu apimwe. Sitaki hivyo. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa mapendekezo kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema kwamba ushahidi hautoshi kuamua kama watu wazima wasio na dalili wachunguzwe, na naona halikukosea. Ninaowasemea ni wengine: mtu ambaye presha yake inakataa kushuka ingawa anameza dawa tatu, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mwenye moyo ulioshindwa, aliyepona kiharusi. Chama cha moyo cha Marekani, American Heart Association, katika taarifa yake ya mwaka 2021, kilisema kwamba miongoni mwa wagonjwa wa aina hizo wenye apnea wanaweza kufikia asilimia 40 mpaka 80. Kumwongezea mtu kama huyo kidonge cha nne kabla ya kumwuliza anavyolala ni kufanya kazi nusu.

Kadi ya kliniki ya presha ina nafasi ya uzito, ya kipimo cha siku na ya dawa. Naomba wanaoichapisha waongeze mstari mmoja wa usingizi: je, anakoroma kwa nguvu, je, kuna aliyemwona akikatika pumzi, je, anasinzia mchana bila kutaka. Na muuguzi anayeijaza amkaribishe ndani yule mke, mume au mtoto mkubwa anayeachwa kwenye benchi la nje, maana jibu la swali la katikati analo yeye. Ikiwa hawezi kufika, simu iachwe ikirekodi sauti kando ya kitanda katika saa za kuelekea alfajiri, ambapo ndoto huwa nyingi, misuli hulegea zaidi na mikato huwa mirefu zaidi, kisha mgonjwa aje na simu hiyo kliniki.

Wako,
Muuguzi mstaafu